KING'ORA KINAOMBA NJIA. WEWE UNAJIBU NINI?



Wiuu, wiuu, wiuu! Uko kando ya barabara na mlio huo unakuja. Watu wengine wanakimbia wavuke kabla gari halijafika. Wengine wanasimama katikati wakitafuta linatokea wapi. Kijana wa bodaboda anajibana nyuma ya gari la wagonjwa ili apite foleni bure. Na wengine hawasikii chochote, maana masikio yamejaa muziki. Wewe je, uko kundi gani?

Leo tujifunze lugha ya taa na ving'ora. Usiseme eti hilo ni somo la trafiki. Ni somo la afya kabisa! Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika chache tu, kama 4 hivi. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa katika saa chache. Njia ikizibwa, ni uhai unaozibwa.

RANGI ZINASEMA NINI?

Kila nchi ina sheria yake kuhusu rangi za taa, lakini ujumbe mkubwa ni wa aina mbili.

Taa za buluu au nyekundu pamoja na king'ora zinasema: "Nina dharura. Naomba njia."

Taa ya rangi ya chungwa inasema: "Nimesimama hapa, au nakwenda polepole. Jihadhari usinigonge." Hii utaiona kwenye magari ya kutengeneza barabara na ya kuvuta magari mabovu. Haiombi njia, inaomba uangalifu.

Kwa nini magari mengi hubeba nyekundu na buluu pamoja? Mwanasayansi Mcheki, Jan Purkyně, aliligundua jambo hili katika karne ya 19: giza linapoingia, ua jekundu hufifia na kuwa jeusi, lakini la buluu bado huonekana. Jicho letu hubadilika usiku. Jaribu mwenyewe jioni, kwa kutazama nguo nyekundu na ya buluu zilizoanikwa kwenye kamba.

GARI LA HALMASHAURI NALO LIPEWE KING'ORA?

Tuchukue mfano wa Australia. Huko halmashauri huajiri askari wanaoitwa rangers. Kazi yao ni kukamata mbwa wanaozurura, kukagua kama wenye mashamba wamefyeka njia za kuzuia moto, na kushughulikia magari yaliyoegeshwa vibaya. Mara nyingi magari yao hubeba taa za chungwa, siyo za buluu na nyekundu kama polisi.

Mtu anaweza kuuliza: mbona wanabaniwa? Si nao wanafanya kazi ya serikali? Fikiri kidogo. Askari huyo akisimama ukingoni mwa barabara kumkamata mbwa, hatari kubwa kwake ni kugongwa na gari linalopita. Taa ya chungwa inatosha kumlinda, mradi madereva wanaiheshimu. Katika jimbo la Western Australia, tangu mwaka 2018 dereva anayepita gari la msaada lililosimama kwenye tukio huku likiwasha taa za kumwekamweka lazima apunguze mwendo hadi kilomita 40 kwa saa. Sheria hiyo inahesabu hata taa za chungwa.

Lakini kuruka taa nyekundu kwa sababu ya mbwa? Hapana, jamani.

KING'ORA NACHO KINA HATARI YAKE

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walipima safari za ambulansi katika mji wa Greenville, North Carolina. Walilinganisha muda wa safari yenye taa na king'ora na muda wa safari ileile bila vitu hivyo. Tofauti ilikuwa sekunde 43.5 kwa wastani. Chini ya dakika moja!

Mji ule si mkubwa, na kwenye foleni ya jiji kubwa tofauti inaweza kuzidi hapo. Pia kwa mtu ambaye moyo wake umesimama, sekunde 43 ni nyingi sana. Lakini kwa mgonjwa aliyevunjika kidole hazina maana, na kila safari ya king'ora ina hatari ya ajali, hasa kwenye makutano ya barabara. Ndiyo maana king'ora ni kama dawa kali: hutolewa kwa anayehitaji, kwa kipimo chake.

Na kikiwa kwenye kila gari, watu watakizoea. Siku gari la mgonjwa kweli linapopita, nani atahangaika kusogea? Kwa hiyo wewe mwenye pikipiki uliyefunga king'ora na taa za buluu kwa ajili ya mbwembwe, unamwibia mgonjwa sauti yake.

MBONA SIKIO LINANIDANGANYA?

Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mjini hugonga kuta za maghorofa na kurudi, kwa hiyo unaweza kudhani gari linatoka kulia kumbe linatoka kushoto. Usitegemee sikio peke yake. Tumia na macho.

Tena piga hesabu hii. Gari la kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Likiwa mita 100 kutoka kwako, litafika baada ya sekunde 6. Barabara ya upana wa mita 7, kwa mwendo wa kawaida wa miguu, huvukwa kwa sekunde kama 6. Umeona? Ukianza kuvuka gari likiwa mita 100, mnakutana.

UFANYE NINI?

1. Ukiwa kwa miguu: simama pembeni, usivuke. Gari la kwanza likipita, subiri kidogo. Linaweza kufuatwa na la pili.

2. Ukiwa na baiskeli au pikipiki: punguza mwendo, sogea kushoto, simama mahali salama. Usifunge breki ghafla. Usiingie njia panda hata kama taa ni ya kijani, mpaka ujue gari liko wapi.

3. Usilifuate gari la dharura. Madereva waliosogea hurudi barabarani mara tu linapopita. Hapo ndipo unapogongwa wewe.

4. Ukiwa abiria: mwambie dereva kwa heshima, "Kaka, kuna ambulansi nyuma, tuipishe."

5. Ukiwa barabarani, toa hedifoni, au angalau acha sikio moja wazi.

6. Ukiona taa ya chungwa: punguza mwendo na uwaangalie watu. Anayefanya kazi pale anaweza kuwa amekupa mgongo.

WENGINE HAWANA KING'ORA

Tanzania kuna mpango wa m-mama. Ukipiga namba 115, bila malipo, unaomba usafiri wa dharura kwa mama mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga. Ambulansi ikikosekana, hutumwa dereva wa teksi wa eneo hilo. Teksi hiyo inaweza kumbeba mama anayevuja damu bila hata taa moja ya buluu. Ukiona gari dogo linapiga honi mfululizo na kuwasha taa mchana kweupe, usianze kubishana nalo. Lipishe.

Namba nyingine za Tanzania: 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji.

JIPIME

a) Taa ya chungwa inaomba nini?
b) Kwa nini usilifuate gari la wagonjwa?
c) Gari liko mita 100 na unataka kuvuka. Utafanyaje?

Majibu: (a) Uangalifu. (b) Magari yaliyolipisha hurudi barabarani ghafla. (c) Subiri lipite.

Katika klabu yenu, jadilini: je, gari la kiongozi asiye na dharura lipewe king'ora? Kila anayesema ndiyo aeleze ni nani atakayesimama pembeni kulisubiri, na yeye amebeba mgonjwa gani.