Somo la Familia: Yohana, Jina Ambalo Ukoo Haukulitarajia

Somo: Luka 1:57–66



Somo la leo ni la wazazi wanaotarajia mtoto, na pia la bibi na babu wanaopiga simu kutoka nyumbani kuuliza, "Mtamwita nani?" Tutaliangalia jina moja la kiume: Yohana.

Maana yake

Asili yake ni Kiebrania, Yohanan, maana yake Mungu ametenda kwa neema. Jina hili ni la zamani kuliko Yohana Mbatizaji. Katika Yeremia 40 yumo Yohanani mwana wa Karea. Wagiriki walilitamka Ioannes, na kutoka hapo likaenea duniani.

Hapa Al Ras utalisikia kila siku bila kulitambua. Ukivuka hori kwa abra kwenda Bur Dubai, unaweza kukaa benchi moja na Juan wa Ufilipino, João wa Goa, Yohannan wa Kerala na Yohannes wa Ethiopia. Wote ni wasomo. Waarabu Wakristo husema Yuhanna. Waislamu humwita Yahya, na habari za kuzaliwa kwake zimo katika Sura ya Maryam.

Lilivyofika kwetu

Wamisionari wawili wa kwanza wa Kiprotestanti huko Mombasa walikuwa nalo wote: Johann Ludwig Krapf, aliyefika 1844, na Johannes Rebmann, aliyemfuata 1846. Kule Zanzibar, misheni ya UMCA ilimlea kijana aliyeokolewa utumwani, akaitwa John Swedi. Mwaka 1879 akawekwa kuwa shemasi. Angalieni: alipokea jina jipya, na Swedi likabaki. Leo Mkongo husema Jean, Mganda Yokana, na Watanzania wana Yohana na John pia.

Kupanda na kushuka

Nchini Marekani, John liliongoza majina ya wavulana kila mwaka tangu 1880 hadi 1923. Baadaye likashuka hata likatoka katika ishirini ya kwanza. Kwetu nako vijana wengi huliona jina la kizee, wakachagua Jayden au Liam. Si dhambi. Lakini jina lililochaguliwa kwa sababu linavuma, litabaki na nini likiacha kuvuma?

Tunajifunza nini?

Siku ya nane majirani na jamaa walitaka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Elisabeti akakataa. Wakamwambia kwamba katika ukoo wao hakuna mwenye jina hilo. Wakamgeukia baba, naye akaandika kibaoni jina lile lile.

Yako mambo mawili hapa. Kwanza, mume na mke walisema neno moja. Ugomvi wa majina huumiza nyumba pale baba anapomwahidi mama yake jina hili, na mke naye ameshawaahidi wazazi wake jina lingine. Kubalianeni ninyi wawili kabla ya kupokea simu. Pili, walikuwa na sababu waliyoweza kumweleza mtoto wao: wewe ni neema tuliyopewa uzeeni.

Hii si ruhusa ya kuwadharau wazee. Jina la babu linaweza kuwa la pili, na mtoto akabeba yote mawili kama John Swedi.

Jambo la kufanya

Amueni herufi mapema: Yohana, Johana au John? Karani aliyezoea Johanna, jina la kike Ulaya, anaweza kudhani mwanao ni binti. Na kwa kuwa jina litaandikwa kwa Kiarabu pia, likaguliwe kabla hamjaondoka dirishani. Cheti cha kuzaliwa na pasipoti vikitofautiana hata herufi moja, mtasumbuka kwenye viza na shule.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, kila mtoto wetu anajua maana ya jina lake na nani alilichagua?
2. Ni jina gani la ukoo wetu tusingependa lipotelee ugenini?
3. Majirani walijiuliza mtoto yule atakuwa mtu wa namna gani. Sisi tunawatamkia wanetu nini tunapowaita?

Jioni ya leo, kabla ya kulala, mwite kila mtoto kwa jina lake kamili, umweleze lilikotoka. Mungu awabariki.