Vitabu vya Kusoma: Dhahabu ya Kakamega na Ahadi ya Sheria

Ndugu zetu wasomaji, katika darsa za taarikh huulizwa mara kwa mara: ana faida gani mtu wa Mombasa au Lamu kusoma khabari za Kakamega, mji wa bara ulio mbali naye? Jawabu yetu ni kwamba yaliyowapata watu wa huko yamekwisha kuandikwa na wataalamu, na ndani yake mna mafunzo yampasayo kila mwenye shamba, nyumba au makaburi ya wazee wake. Basi leo twavitaja vitabu vinne na namna ya kuvisoma.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba nchi ile si ngeni kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa ikituama Mumias, katika dola ya Wawanga, na kwa njia hiyo Uislamu ukaingia huko. Nabongo Mumia, aliyekufa mwaka 1949, aliwapokea watu wa pwani, kisha akawapokea Waingereza. Mwaka 1920 makao ya wilaya yakahamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega.

Kitabu cha kwanza ni cha John Osogo, "A History of the Baluyia" (1966), na cha pili ni cha Gideon Were, "A History of the Abaluyia of Western Kenya" (1967). Vyote viwili vilitoka muda mfupi baada ya uhuru, na ubora wao ni kuwa masimulizi ya wazee wenyewe yamesikilizwa. Lakini msomaji asisahau kwamba kila ukoo hupenda kujisifu. Kwa hivyo masimulizi ya huyu yapimwe kwa masimulizi ya yule.

Cha tatu ni cha Priscilla Shilaro, "A Failed Eldorado" (2008), nacho chaeleza mambo ya dhahabu. Mwaka 1930 Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahifadhia wenyeji ardhi zao daima dawamu, kwa sharti kwamba kipande chochote kikitwaliwa kwa manufaa ya umma, kilipwe kwa kipande kingine mfano wake. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega, na Wazungu wakamiminika kwa mamia. Disemba 1932 sheria ile ile ikageuzwa, ardhi ya machimbo ikaweza kutwaliwa kwa malipo ya fedha bila kipande badala yake. Hiyo "daima" haikutimiza hata miaka mitatu! Hata huko Uingereza walikuwako waliolaumu jambo hili, Lord Lugard akiwa mmoja wao.

Cha nne ni cha Julie MacArthur, "Cartography and the Political Imagination" (2016). Huyu aonyesha jinsi watu wa kabila mbalimbali za huko walivyojifunza kujitetea kwa ramani na mipaka, hata wakajikusanya chini ya jina moja la Waluyia. Aliyechorewa ramani na mwingine hujikuta hana nafasi ndani yake.

Je, sisi wa pwani twaweza kusema kuwa haya hayatuhusu? Hasha! Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye dai pwani alipeleke Serikalini, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Asiyesoma tangazo hakusikilizwa udhuru wake. Na huko Kakamega mambo hayajesha: mwaka 2020 kampuni ya Shanta Gold ilinunua haki za kutafuta dhahabu katika sehemu hizo. Mwenye kuijua taarikh ya 1932 ataisoma khabari hiyo gazetini kwa jicho jingine.

Ama namna ya kusoma, Ibn Khaldun alitufundisha katika "Muqaddima" yake, mwaka 1377, kwamba khabari haikubaliwi kwa kuwa imepokewa tu. Alikataa idadi ya askari laki sita wa Nabii Musa kwa kuuliza kama nchi ile iliweza kuwabeba na kuwalisha. Basi nasi tuulize mambo matatu: mwandishi amepata wapi khabari zake? Ni nani aliyefaidika na jambo analolieleza? Na ni neno gani liliandikwa katika sheria, wala si lililosemwa barazani tu?

Vitabu hivi vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini hiyo si sababu ya kuviacha. Katika kila mtaa yumo kijana aliyesoma skuli. Na akae baina ya Magharibi na Isha, asome ukurasa na kuufasiri kwa Kiswahili, na wazee waulize na wasahihishe kwa wayajuayo. Hivyo kijana atapata hekima, na mzee atapata khabari. Ardhi huondoka kwa karatasi, na asiyeisoma karatasi hujua siku ya kuhamishwa.