Mtoto wa Mradi Ana Kwao: Mafunzo Niliyopata Mambrui

Ukishavuka daraja la Sabaki kutoka Malindi, Mambrui haiko mbali. Mji wenyewe ni wa kale, wa Waislamu, una misikiti, madrasa na lile kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya Kichina. Nyuma ya mji, ukielekea Marikebuni na Magarini, ni vijiji vya Wagiriama, na huko ndiko makanisa yalikotapakaa. Mengi yana mradi wa watoto. Mtoto wa huku anaunganishwa na mfadhili wa ng'ambo, pesa zinaingia kila mwezi, na kanisa linasimamia karo, sare, matibabu na chakula cha Jumamosi.

Mtindo huu si wa jana. Shirika la World Vision lilianza mwaka 1950 likaingia Kenya mwaka 1974. Shirika la Compassion lilianzishwa mwaka 1952 kwa ajili ya yatima wa vita vya Korea, likafika kwetu mwaka 1980, na leo Wakorea wenyewe ni miongoni mwa wafadhili wake. Mradi niliofanyia kazi mimi ulikuwa mdogo, wa kanisa moja tu. Nilishika barua, daftari la mahudhurio na ziara za nyumbani. Yafuatayo ndiyo niliyoondoka nayo.

1. Anza na nyumba ya mtoto, si na jengo

Pwani yetu ina bahari nzuri na wageni wengi, na kwa sababu hiyo ilijaa makao ya watoto. Mgeni hushukia hoteli ya Malindi, akaona watoto wasio na viatu, moyo ukamuuma, akarudi kwao kuchangisha kanisani. Baada ya muda jengo limesimama, lina geti na jina zuri ukutani. Sasa jengo linataka watoto. Wazee wa kijiji wanaambiwa walete yatima, na yatima hawakosi kupatikana, hata yule ambaye baba yake yuko Adu anachoma makaa na mama yake anauza mandazi stendi ya Gongoni.

Nilimjua hawe mmoja, bibi wa Kigiriama aliyekuwa akilea wajukuu wanne katika nyumba ya udongo na makuti. Alikuwa ameombwa wawili wapelekwe makao. Tulipofika alitutandikia mkeka chini ya mkorosho, akasema bila kuzunguka: "Huko kuna chakula. Mimi nina nini?" Mwenzangu akafungua daftari, tukaanza kuuliza ni kipi hasa kinachopungua. Unga wa kufikia mavuno. Sare mbili. Nauli ya kumpeleka mdogo wao hospitali ya Malindi kila mwezi, kwa sababu alikuwa na kifafa na dawa zilikuwa zikimwishia. Basi. Orodha ile nzima haikufika nusu ya ambacho makao yangetumia kuwalaza, kuwalisha na kuwalipia walinzi watoto wale wawili. Mradi ukachukua mzigo huo, akaongezewa mbuzi wawili, na watoto wakabaki na bibi yao.

Serikali nayo imekwenda njia hiyo. Mwaka 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mwaka 2022 zikaja Sheria mpya ya Watoto na mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Makanisa ya ng'ambo yanayoendelea kutuma pesa za mabweni yamepitwa na sheria yetu. Nasema hivyo bila kupunguza shukrani kwa wale waliowalea watoto ambao kweli hawakuwa na mtu.

2. Barua iachwe iwe ya mtoto

Mara chache kwa mwaka tulikuwa na Jumamosi ya barua. Madawati hutolewa nje, fomu zikagawiwa pamoja na penseli za rangi, na watoto wakainama. Fomu ina maswali yake: unapenda rangi gani, unafuga mnyama gani, rafiki yako ni nani. Ubaoni tayari imeandikwa sentensi ya kunakili: "Nakushukuru sana kwa msaada wako, Mungu akubariki." Ukisoma barua hamsini, umesoma moja.

Mwaka 2018 Sabaki ilifurika, ikafagia mashamba ya kandokando na kuhamisha watu wengi upande huu wa Magarini. Mvulana mmoja wa darasa la tano alitaka kumwandikia mfadhili wake kwamba mahindi yamekwenda na maji na wanalala darasani. Msimamizi akamzuia: usimhuzunishe mfadhili, andika ahsante. Nililipinga hilo, na mchungaji akaniunga mkono. Barua ikaenda kama ilivyoandikwa, na mchoro wa mto uliopakwa kahawia ukurasa mzima.

Jibu lilichukua miezi, wala halikuleta hela ya ziada. Lilileta maswali. Mto umerudi mahali pake? Darasani mlilala wangapi? Nani alikuwa akipika? Mvulana aliyezoea kunakili ubaoni akaomba karatasi ya pili. Tangu hapo nilifuta ile sentensi kila nilipoikuta. Shukrani watoto wa huku wamefundishwa nyumbani tangu wadogo, hawahitaji kuandikiwa. Wanachohitaji ni mtu mzima asiyeogopa wanachotaka kusema.

3. Mambrui, piga hodi kwanza

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo miradi mingi inapokwama.

Mwislamu wa Mambrui anapomwona mzungu wa kanisa akigawa madaftari, hofu yake ina historia. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Rebmann wakafungua misheni Rabai. Makazi ya Freretown yakaanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa. Kazi ya huruma ilikuwapo kweli, na shule pia, lakini vyote vilikwenda pamoja na ubatizo na jina jipya. Vijijini kwetu wapo wazee wanaokumbuka kwamba kiti cha shule ya misheni kilikuwa na bei yake. Huwezi kumwambia mzazi kama huyo kwamba wewe umekuja kusaidia tu, halafu ushangae akikutazama kwa shaka.

Mradi wetu ulikuwa ukikutana Jumamosi asubuhi, saa zilezile za madrasa. Mama mmoja wa mjini, mjane, alikuwa na binti aliyehitaji karo na hakuwa na pa kuipata, lakini madrasa hangeiacha. Mchungaji wetu hakumjibu papo hapo. Alivaa kanzu yake ya kawaida ya Kipwani, akaenda kumwona maalim wa madrasa nyumbani baada ya Alasiri, wakanywa kahawa. Alirudi na mambo matatu: kipindi kihamie mchana, nyama ichinjwe na Mwislamu, na somo la Biblia lisiwe sharti la kulipiwa karo. La mwisho lilimtoa jasho. Baadhi ya wazee wa kanisa walisema pesa za wafadhili ni za injili. Yeye akawauliza kama Msamaria alimpa majeruhi wake mtihani wa dini kabla ya kumfunga vidonda. Hoja ikaisha, ingawa si wote walioridhika.

Maalim huyo huyo baadaye alitupa orodha ya watoto ambao hata sisi hatukuwajua, wakiwemo wa Kikristo, kwa kuwa yeye ndiye anayejua nani hajala mtaani kwake.

Halafu ikaja Shakahola. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu ulio ndani huko magharibi ya Malindi, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa kanisa moja ilifukuliwa, watoto wakiwa wengi. Baada ya hapo swali la "kanisa gani hili?" halikuulizwa na Waislamu peke yao. Hata Wakristo wenzetu waliuliza, na walikuwa na haki. Sera ya mradi iliyoandikwa vizuri kwa Kiingereza haikumtuliza mtu. Kilichosaidia ni kwamba mzazi aliweza kuingia Jumamosi yoyote bila kutoa taarifa, akakaa nyuma, akasikiliza mtoto wake anafundishwa nini, na akafunua sufuria akitaka.

4. Mgeni na mtoto wasiachwe peke yao

Hili fupi. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya walitoa ripoti juu ya unyonyaji wa watoto kingono pwani, na Malindi na Kilifi zilikuwa ndani yake. Anayejua hilo hatamwachia mfadhili, hata awe na barua ya askofu, amtembeze mtoto ufukweni peke yake. Tulikuwa na kanuni: ziara ni kanisani au nyumbani mbele ya mzazi, namba ya simu haitolewi, picha hazipigwi mtoto akiwa nusu uchi, zawadi hupitia ofisini. Wapo wageni waliochukia. Methali yetu inasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji mdogo kuliko wote ni mtoto.

5. Kuna ndugu yake

Mradi huchukua mtoto mmoja katika nyumba, pengine wawili. Mwenye bahati anatoka Jumamosi na sabuni, begi jipya na shibe, wa nyuma yake anamtazama. Nimeona madaftari ya mradi yakichanwa katikati yatoshe watu wawili. Akina mama wa kanisa ndio waliotuonyesha njia: sufuria ya wali na maharagwe ikaongezwa, ndugu wakakaribishwa kula, na fedha za zawadi za mwisho wa mwaka zikanunuliwa vitu vya nyumba nzima, kama magodoro, pipa la maji au mabati.

Simdharau anayefadhili mtoto mmoja. Wachumi watatu, Wydick, Glewwe na Rutledge, walichapisha mwaka 2013 utafiti wao kuhusu watu waliowahi kufadhiliwa na Compassion katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Waligundua kwamba waliofadhiliwa walisoma zaidi, kwa wastani wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Mwaka mmoja wa shule Magarini si kitu kidogo. Kwa msichana unaweza kuwa ndio umbali kati ya kidato cha pili na ndoa.

6. Mwisho usemwe mwanzoni

Watu wa Magarini wanaijua misaada inavyoondoka. Mwaka 1978 Australia ilianza kufadhili mpango mkubwa wa kuwagawia watu mashamba hapa, wenye barabara, vipimo na wataalamu. Maji yalisumbua, kilimo walichopangiwa wakulima hakikuelewana na ardhi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 wafadhili wakafunga virago. Kilichoandikwa kuhusu kushindwa kwake kikawa kitabu cha kusomwa vyuoni ng'ambo, kilichotoka mwaka 1991. Wenye mashamba wakabaki na mashamba.

Miradi ya watoto nayo ina mwisho. Mfadhili hufariki, hustaafu, au kanisa lake hupata mchungaji mwenye mipango mingine. Kwa hiyo tulianza kuwaambia wazazi siku ya kwanza kabisa: msaada huu una kikomo, na mkiwa kwenye kikundi cha akiba mtafika mbali zaidi. Vikundi vya akina mama vilivyoanza namna hiyo, vya kuweka kidogo kidogo kila wiki na kukopeshana, vimelipa karo ya watoto ambao wafadhili wao waliacha. Waliokataa kujiunga wakitumaini ng'ambo haitachoka, wengi wao wanazungukia ofisi za basari hadi leo.

Wewe uliye na kanisa rafiki ng'ambo, au unayetaka kuleta mfadhili huku kwetu, pitia kwanza kwa mzazi, kwa chifu na kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Na ukiona mtoto anahamishwa kutoka nyumbani kwao kwenda kwenye makao bila afisa huyo kujua, piga 116. Ni namba ya msaada kwa watoto, na haitozi kitu.