Mpiga Kinanda na Wachumba Watatu

Wadogo zangu wa kwaya za Muheza, Korogwe na Lushoto, leo tuzungumze lile mnalonong'onezana baada ya mazoezi: mapenzi ndani ya kwaya. Mimi nayapenda, siwafichi. Kijana uliyemsikia akihangaika na besi mpaka ikakaa, ukamwona akibeba spika juani kwenda mkutano wa injili, unamjua vizuri kuliko yule wa kwenye simu.

Ila lipo linaloniumiza, siri kati ya wachumba, na kisa kimoja cha zamani kinalionyesha. Mwaka 1872 Mwingereza Thomas Hardy alichapisha riwaya iitwayo Under the Greenwood Tree. Baba yake na babu yake walikuwa wapiga muziki wa kanisa la kijiji, kwa hiyo aliandika anachokijua. Wanakwaya wanaume, fidla zao mkononi, wanaondolewa ili kinanda kishike nafasi yao, na atakayekipiga ni mwalimu mpya wa shule, binti Fancy Day. Haya si mageni kwetu: kinanda cha umeme kimeingia na midundo yake ndani, na wazee wa ngoma na kayamba tumewaona wakihamia viti vya nyuma.

Basi Dick Dewy, kijana wa hao hao walioondolewa, ndiye anayempenda Fancy kwa moyo wote. Mzee wa kanisa mwenye mashamba naye anamtaka. Fancy akiwa tayari ni mchumba wa Dick, mchungaji Maybold anamposa, naye anaitika ndiyo. Kesho yake anajuta, anaitangua. Maybold anamshauri amweleze Dick yote. Hamwelezi. Wanaoana, siri inabaki kwake.

Wengi humsamehe Fancy upesi. Mimi namhurumia Dick.

Mdogo wangu, mchungaji akikutamkia ndoa, moyo kuyumba si ajabu. Ana heshima, ana nyumba ya misheni, na nyumbani kwenu watapiga vigelegele. Lakini ukishaitika kisha ukajitoa, mchumba wako ayasikie kwako, siyo kwa mshenga wala kwa kina mama wa sauti ya kwanza. Mwambie kabla barua ya posa haijajibiwa. Ikiwa imeshajibiwa, basi kabla ya tangazo la kwanza, maana matangazo ya ndoa yakianza kusomwa Jumapili kanisani, kila jicho litakuwa kwenu na hamtapata nafasi ya kuzungumza kwa utulivu. Usimwandikie ujumbe usiku. Kaeni mchana, mahali pa wazi, useme kwa maneno machache bila kumsingizia mchungaji, halafu umwache akafikiri siku kadhaa.

Akiondoka, mrudishie alivyokupa kwa ajili ya ndoa; Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu hata kuvidai mahakamani. Na kwaya usiiache. Mwombe mwalimu wenu akupumzishe wiki chache, kisha rudi kwenye kinanda chako.