Somo la Mwezi: Kuku Anayeatamia na Vifaranga Vyake



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za mikarafuu, majamvi na makonyo. Mwezi huu nataka tuzungumze habari za kuku. Tafadhali msiseme kwamba Katibu ameacha kazi yake. Sote twajua kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, na baina ya msimu na msimu nyumba hutaka mafuta, sabuni na madaftari ya watoto. Kuku wa uani ni akiba ya siku hizo. Walakini wengi wetu huipoteza akiba hiyo ingali ndani ya ganda, kwa kuwa hatuhesabu mayai wala siku.

Mimi mwenyewe nilikosa hivyo. Mwaka jana kuku wangu mmoja aliatamia nyuma ya banda la kuni, nami nikamwacha. Kumbe kila siku kuku wengine walikuwa wakenda kutaga humo humo. Siku ilipofika vikatoka vifaranga 4. Kesho yake mama akaondoka navyo kwenda kuchakura, akayaacha mayai 11 yakapoa. Nilipoyavunja, 6 yalikuwa na vifaranga vilivyokwisha ota manyoya. Kosa halikuwa la kuku, lilikuwa langu. Basi nimeandika somo hili ili mwenzangu asipatwe na hayo.

1. Kumchagua kuku. Kuku aliye tayari hukaa kiotani mchana na usiku, hujivimbisha, na ukimgusa hudonoa. Mjaribu siku 2 kwa mayai mawili usiyoyahitaji. Akitulia, mpe kazi.

2. Mayai na kiota. Chukua mayai ya kuku wanaokaa na jogoo, yasiyozidi siku 7 tangu kutagwa, yasiyo na ufa. Unapoyakusanya, yaweke mahali pa baridi, ncha nyembamba ikitazama chini. Kuku wetu wa kienyeji hufunika vizuri mayai 10 hata 12. Ukimzidishia, ya pembeni hupata baridi. Kiota kiwe kikapu kikuukuu chenye majani makavu, pasipo mvua wala kelele, na chini yake nyunyiza majivu yaliyopoa kupunguza utitiri.

Hapa ndipo penye shina la somo. Tia kila yai alama kwa penseli, na yote uyaweke jioni moja. Kila siku mama anapotoka kula, tazama. Yai lisilo na alama ni la mgeni. Liondoe papo hapo.

3. Siku 21. Ukimwatamisha kuku Alhamisi jioni, tazamia vifaranga Alhamisi ya tatu baada yake. Maji na nafaka viwe karibu; yeye hutoka mara moja kwa siku, kiasi cha robo saa. Usiku wa 7, chukua kurunzi ukapime mayai gizani. Yai zima huonyesha mishipa myekundu kama utando wa buibui. Yai lililo jeupe tupu halina mbegu, liondoe. Tangu siku ya 18 usimsumbue tena, wala usimsaidie kifaranga kuvunja ganda. Ukilimenya mapema atatoka damu.

Ukiweza, atamisha kuku wawili siku moja. Vifaranga vikitoka, vyote mpe mmoja usiku, na mwenziwe atarudi kutaga upesi.

4. Vifaranga. Usifanye haraka kumtoa mama. Kifaranga huzaliwa na kiini cha yai tumboni, kinachomtosha kiasi cha siku 2. Basi wangoje walio nyuma. Kisha wafunike kwa tenga majuma 2 ya kwanza, kwani mwewe na cheche hawana huruma. Wape chenga za mchele, machicha ya nazi na mchwa, na maji katika kisahani chenye vijiwe wasizame. Ama kideri, dawa yake ni kinga tu. Mwulizeni bwana mifugo chanjo ya tone la jicho, nayo hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4.

5. Kuku usiyemtaka aatamie. Wengine humtosa majini. Hayo ni mateso. Mtie katika kizimba chenye sakafu ya fito kilichoinuliwa juu ili upepo umpite chini, umpe chakula na maji. Kwa kawaida siku 3 au 4 hutosha.

Jambo la mwisho latuhusu sisi wakulima wa karafuu hasa. Siku za kuchuma nyumba nzima huwa shamba, na uani hapabaki mtu. Vifaranga hutaka kutazamwa majuma 6, na mayai yametaka majuma 3. Kwa hiyo hesabu majuma 9 kabla ya siku unayotazamia kuanza kuchuma. Ikipita hiyo, usiatamishe mpaka karafuu zikauke na kuuzwa.

Kazi ya mwezi: kila mwenye kuku aandike siku aliyoatamisha, idadi ya mayai, yaliyoondolewa usiku wa 7, na vifaranga vilivyotoka. Tuje na hesabu hizo mkutanoni, Inshallah, tujue nani ameshinda. Mimi nimekwisha anza: mayai 11, yote yana alama.

Wasalaam,
Katibu wenu