SOMO LA SHAMBA: EMBE LIKISHACHUMWA



Miezi ya maembe ifikapo, hapa Mabatini, mjini Mwanza, twaona matenga yamejaa, na harufu nzuri imeenea. Siku chache baadaye twaona na malundo ya maembe meusi yaliyotupwa. Mwenye mti amengoja mwaka mzima, na mazao yake yamepotea kwa siku tatu. Tena kama alitaka kuyakausha, au kukamua maji yake ayauze, basi kuni na kazi zimepotea pamoja nayo. Na tujifunze sababu.

Sisi wa kando ya Ziwa twaijua kazi ya sangara. Samaki akivuliwa amekufa, hutiwa barafu upesi asioze. Embe si hivyo. Likichumwa bado li hai: lavuta hewa, latoa joto, laendelea kuiva. Kulitunza ni kukitunza kitu kilicho hai. Yashikeni haya:

1. Chuma lililokomaa. Hata likiwa kijani, mabega yake yamejaa kando ya kikonyo, na nyama imeanza kuwa njano karibu na kokwa. Lililo changa hunyauka, wala halipati utamu wake hata ukilivundika.

2. Usitikise mti wala usipige kwa fimbo. Embe likianguka huumia ndani. Leo jeraha halionekani, kesho laoza. Tumia upondo wenye mfuko, asubuhi kabla ya jua kali.

3. Acha kikonyo. Utomvu wa kwanza huunguza ngozi. Kikate kivulini, ukaliinamishe embe mpaka utomvu umekwisha kutoka.

4. Usishindilie gunia. Ya chini hupondeka, na ya katikati hupata joto la wenzake. Tumia tenga lisilo refu, uliweke kivulini penye upepo, si chini ya bati lenye joto.

5. Barafu ya samaki si yake. Embe bichi likikaa siku nyingi katika baridi ya chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, ngozi yake hupata madoa, nalo haliivi vizuri.

6. Chagua kila siku. Embe lililoiva hutoa hewa iivishayo jirani zake, litenge. Lililoiva lakini lingali gumu kidogo lafaa kukaushwa. Lililo laini lafaa kukamuliwa. Lililotobolewa na inzi wa matunda lizikwe chini sana, inzi wasizaliane. Namna moja ya inzi hao, iliyotoka Asia, ilionekana Kenya mwaka 2003, nayo imekuwa adui mkubwa wa maembe katika nchi zetu.

Wengine husema, “Hili limeoza kidogo tu, moto utalitengeneza.” Sivyo. Moto huua vijidudu, lakini hauondoi ladha ya uozo. Wala hakuna kiwanda kiwezacho kurudisha uzuri uliopotea njiani.

Nanyi waalimu, waulizeni watu wenu: Maembe yetu yaharibikia wapi? Mtini, njiani, au nyumbani? Kisha chukueni embe moja lililoanguka na moja lililochumwa kwa mkono, myaweke pamoja kivulini siku nne, myapasue mbele ya wote. Watakayoyaona hawatayasahau.