Kuhamisha Tovuti Kutoka Folda Moja Hadi Nyingine: Somo kwa Wanaoanza

Parokia ikiwa na tovuti, mara nyingi kazi ya kuitunza humwangukia kijana mmoja anayejifunza huku akitenda. Somo hili ni kwa ajili yake. Tunachukua mfano wa tovuti ya WordPress iliyoanzia kwenye folda iitwayo "majaribio", na sasa inatakiwa kuhamia folda iitwayo "jarida".

Katika falsafa tunajifunza kwa Aristotle kwamba kitu kikihama mahali hubaki kile kile. Mwanafunzi akihama bweni ni mwanafunzi yule yule. Hata tovuti ikihama, makala na picha ni zile zile. Lakini jina la folda ni sehemu ya anwani, na anwani ndiyo waliyonayo wasomaji mkononi. Hapo ndipo penye kazi.

Kwanza, weka nakala ya akiba. Tovuti ya WordPress ina sehemu mbili: mafaili yaliyomo kwenye folda, na hifadhidata inayotunza makala na mipangilio. Nakili zote mbili. Ukinakili mafaili peke yake, makala zako hazimo.

Pili, ingia kwenye mipangilio ya jumla. Utaona visanduku viwili vya anwani: kimoja cha mahali programu ilipo, kingine cha mahali wasomaji wanapoifikia. Andika anwani mpya katika vyote viwili, kisha hifadhi. Kivinjari kitaonyesha kosa. Usishtuke, tovuti imeambiwa iko mahali ambapo bado haijafika.

Tatu, hamisha mafaili yote hadi folda mpya, pamoja na faili .htaccess ambalo mara nyingi hufichwa. Kisha ingia upya kwa anwani mpya.

Nne, fungua mipangilio ya viungo vya kudumu na ubonyeze kitufe cha kuhifadhi bila kubadili chochote. Faili .htaccess litaandikwa upya kufuata folda mpya.

Tano, rekebisha anwani za zamani zilizobaki ndani ya makala, hasa za picha. Tumia programu-jalizi ya kutafuta na kubadilisha, kama Better Search Replace. Usibadilishe kwa mkono ndani ya hifadhidata, kwa sababu baadhi ya mipangilio huhifadhiwa pamoja na idadi ya herufi zake. "Majaribio" lina herufi 9, "jarida" lina 6. Hesabu isipolingana, mpangilio huo hausomeki tena.

Sisi tulipohama mara ya kwanza tuliishia hapo. Kwetu kila kitu kilifunguka, tukapongezana. Baada ya siku chache mama mmoja alituletea simu yake. Alikuwa amehifadhi kiungo cha tanzia ya mumewe, katekista, na alikuwa amewatumia watoto wake walio mbali. Sasa ukurasa ulisema haupo. "Frateri, kwani mmemfuta?" akauliza.

Hatukuwa tumemfuta. Tulikuwa tumehama bila kuaga. Ndiyo maana ipo hatua ya sita. Kama seva yako inatumia Apache, fungua faili .htaccess la folda kuu ya tovuti, si lile la "jarida", uandike mstari huu:

Redirect 301 /majaribio /jarida

Namba 301 huiambia kompyuta ya msomaji kwamba ukurasa umehamia kwingine kwa kudumu, nayo humpeleka huko papo hapo. Tulipouandika, tanzia ilifunguka mikononi mwa yule mama, kwa kiungo chake kile kile.

Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, aliyebuni Wavuti, aliandika makala akihimiza anwani za kurasa zisibadilishwe. Basi ukiweza kutohama, usihame. Ikibidi, usiufute mstari ule baada ya mwezi mmoja, kwani wapo wanaofungua kiungo mara moja kwa mwaka, siku ya kumbukumbu ya marehemu wao.

Zoezi: kabla ya kutangaza kwamba mmehama, chukua viungo vitano vya zamani, uvifungue kwa simu ya mtu mwingine. Kimoja kikikwama, kazi haijaisha.